Boti zinapita, watembeaji hawarudi: utatuzi wa matatizo ya baa iliyo mbali kando ya maji

Mwenye baa iliyojificha ndani ya hori akikosa wateja, kitu cha kwanza anachobadilisha ni menyu. Cha pili ni spika. Cha tatu ni rangi ya ukuta, na hapo pesa zimekwisha na boti bado zinapita katikati ya mkondo, abiria wakipunga mkono.

Mara nyingi tatizo haliko jikoni wala kwenye muziki. Liko katika kipande kile kifupi baina ya kilindi na meza ya kwanza, na liko katika kichwa cha mtu mmoja ambaye pengine hata bia hanywi: nahodha. Baa ya barabarani huchaguliwa na mteja. Baa ya majini huchaguliwa na nahodha, na nahodha huamuliwa na maji. Haya mawili yakikaa sawa, pilipili ya kwenye pweza inaweza kusubiri.

Umbali wenyewe si kasoro. Pingwe, mashariki ya Unguja, kuna mgahawa uliojengwa juu ya mwamba. Maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua, na usumbufu huo ndio watu wanaoupiga picha. Dabaso, kwenye hori la Mida, wenyeji wana mgahawa unaoufikia kwa njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko, na watu wanatoka Watamu kwa ajili ya sambusa za kaa. Ukitaka mfano wa mbali zaidi, kijiji cha Inverie huko Scotland hakina barabara inayokiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Baa yake, The Old Forge, hufikiwa kwa boti kutoka Mallaig au kwa kutembea milimani mwendo mrefu, na mwaka 2022 wanakijiji wenyewe waliinunua. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika "tuko mbali sana", muulize: mbali kwa nani, na saa ngapi?

Ninayoyaandika hapa yanahusu hasa pwani ya Kenya, kuanzia Wasini hadi Lamu. Mwenye kibanda Pangani au Mafia atabadilisha majina ya mahali tu.

Kabla ya kugusa chochote

Ingia kwako kwa boti ya mtu mwingine. Mwombe nahodha asiyeizoea sehemu yako akuchukue kutoka mbali, akulete kama mgeni. Fanya hivyo siku maji yamejaa, kisha siku nyingine yamepwa kabisa. Usimwelekeze. Mwangalie macho yake yanatafuta nini. Je, anaiona baa, au anaona paa la makuti lililofanana na mapaa mengine yote ya ng'ambo ile? Anapunguza mwendo wapi, na kwa nini? Ukishuka, itazame miguu yako mwenyewe. Halafu rudia zoezi kwa nchi kavu, kuanzia pale njia ya bodaboda inapoishia.

Wenye baa wengi hawajawahi kuingia kwao kwa mlango wa wateja. Wao huingia na mizigo, kwa nyuma, karibu na jiko. Ndiyo maana dalili nyingi za hapa chini wamekaa nazo miaka bila kuziona.

Dalili: boti zinapita, hazisimami

Sababu nyepesi kuliko zote: huonekani kama uko wazi. Kutoka katikati ya hori, baa iliyofunguliwa na baa iliyofungwa zinafanana. Nahodha hawezi kuacha mkondo na kuchoma mafuta kuja kuchungulia. Pandisha bendera kubwa ya rangi moja, kwenye mlingoti unaopita minazi, ukifungua, ishushe ukifunga. Ishushe kweli. Bendera inayopepea siku ambayo umekwenda mjini kununua gesi itakuponza zaidi ya kutokuwa na bendera, kwa kuwa nahodha aliyeleta wageni akakuta mbwa peke yake atawasimulia wenzake wote gatini.

Sababu nzito ni hofu ya kukwama. Niliwahi kumsikia mwenye baa akimuuliza nahodha kwenye simu, kwa sauti ya kulalamika kidogo: "Kapteni, leo mbona umenipita na wageni wote wale?" Jibu lilikuja bila haya: "Bosi, maji yanatoka. Nikiingia kwako nikapanda fungu la mchanga, wageni walale botini, na kesho wana ndege, nitawaambia nini?" Nahodha hakuwa na neno na chakula. Alikuwa hajui kina cha kuingilia, na mtu asiyejua kina hujihami.

Dawa yake haina gharama kubwa. Siku ya bamvua, yaani siku maji hujaa sana na kupwa sana, yakiwa yamekauka kabisa, tembea kwa miguu kwenye njia unayotaka boti zipite. Utaona kwa macho mahali penye mchanga, mwamba, na mfereji wenyewe. Weka vigingi pande mbili za mfereji huo. Ukipaka rangi, fuata desturi ya mabaharia wa sehemu hii ya dunia: anayeingia kutoka baharini huiacha nyekundu kushoto kwake na kijani kulia. Usibuni rangi zako, maana mgeni mwenye jahazi la tanga kutoka ng'ambo atazisoma kama anavyozisoma bandarini. Kisha piga picha mbili kutoka mahali pamoja, maji yamejaa na maji yamekauka, uwatumie manahodha kwa WhatsApp. Picha ya maji yamekauka ndiyo yenye thamani. Ukishamwonyesha mtu mwamba wako wote ulivyo, ataamini kwamba humfichi kitu.

Sababu ya tatu ni kukosa pa kufunga boti. Wengi huwaambia wageni "tieni nanga popote". Popote ni wapi? Penye majani ya bahari nanga huburuzika, penye matumbawe huvunja matumbawe na yenyewe hunasa, na ndani ya hifadhi kama Kisite huko kusini au Watamu hilo ni kosa. Boya la kufungia ni suluhisho bora, ila lina mtego ambao nimeuona sehemu zaidi ya moja: fundi hulifunga siku maji ni madogo, kamba ikatosha vizuri, na bamvua ikija boya linazama. Kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inakaribia mita 4. Kamba ipimwe kwa maji makubwa kuliko yote, kisha iongezwe. Na usiseme tu "lina nguvu". Andika juu ya boya lenyewe ukubwa wa boti linaloweza kushika, ili mwenye boti ya tani nyingi asilijaribu usiku wa upepo.

Gati ikishaingia akilini mwako, nenda polepole. Inahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, na nguzo za mikoko hazikatwi bila ruhusa ya idara ya misitu. Zaidi ya hapo, gati iliyosimama imara huwa sawa na boti kwa saa chache tu za siku. Maji yakipwa, abiria anatazama ngazi yenye utelezi juu ya kichwa chake. Ukiweza, jenga jukwaa linaloelea, linalopanda na kushuka na maji, lenye kidaraja cha bawaba kuelekea nchi kavu. Usipoweza, mtumbwi mmoja safi na kijana mwenye adabu wa kuvusha watu atakusaidia kuliko gati mbovu.

Dalili: zilisimama mara moja, hazikurudi

Hapa wenye baa hulaumu ladha, bei, au ushindani. Mimi huuliza swali moja: wageni walipokuwa wakila, nahodha alikuwa wapi?

Jibu, mara nyingi mno, ni kwamba alikuwa amekaa ndani ya boti, juani. Saa tatu, pengine nne. Hakupewa maji. Manahodha na mabaharia wengi wa pwani hii ni Waislamu wasiogusa pombe, na hawapendi kuonekana wameketi kwenye kaunta yenye chupa, hata wakinywa soda. Ukimwambia "karibu baa, kapteni" umemkaribisha mahali asipoweza kukaa. Safari ijayo wageni wakimuuliza "tule wapi?", atawapeleka kule alikopata kivuli. Hilo halina hila ndani yake. Ni mtu mwenye mgongo unaouma.

Mjengee baraza yake. Makuti, benchi pana la kuweza kujinyoosha, mtungi au dumu la maji baridi, soketi ya kuchajia simu, na mahali pa kutawadha na kuswali palipo mbali na spika. Baraza iwe mahali anapoiona boti yake bila kusimama. Nahodha asiyeiona boti yake hapumziki hata umpe godoro. Chakula chake kitoke mapema kabla ya cha wageni, kiwe cha halali bila wasiwasi, kwa sufuria na mafuta yasiyoguswa na nyama nyingine. Wali na samaki na chai ya rangi vinatosha. Siku za Ramadhani usimletee sahani ya mchana kwa mazoea. Mfungashie futari aondoke nayo. Tende chache, viazi vitamu vya nazi na chupa ya uji, hivyo vitazungumza kijiweni kwa niaba yako.

Kuhusu kamisheni: lipa, lakini lipa wazi. Panga kiwango kimoja kwa manahodha wote, kilipwe kabla boti haijaondoka, kwa M-Pesa ili kila upande ubaki na ujumbe. Ugomvi mwingi ninaoujua ulianza na "utapata kesho". Na usiifiche kamisheni ndani ya bei ya samaki wa mgeni mmoja huku wa meza ya pili akiuziwa samaki yuleyule kwa bei nyingine. Andika bei ubaoni, moja kwa wote. Bei ya mzungu, bei ya Mnairobi na bei ya mwenyeji hugundulika meza zikikaribiana, na wenye boti huongea sana. Nanga zao ziko jirani usiku kucha.

Nahodha anayekunywa yupo pia, na huyo ni tatizo la aina nyingine. Mhudumu wako awe na ruhusa ya kumnyima kinywaji bila kukuita wewe kwanza. Hesabu vichwa wakati wa kuingia botini, angalia kila mtu ana jaketi la kuokolea, na ukiona mtu wa usukani anayumba, uwe na namba ya nahodha mwingine wa kuwarudisha. Boti moja ikizama ikitokea kwako, habari yako imekwisha, na si habari ya biashara tu.

Dalili: Jumamosi hii pamejaa, ijayo pako tupu

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi, na ndiyo yenye maelezo yaliyonyooka kuliko zote. Wanadhani ni mwisho wa mwezi, mishahara, au mchezo wa Ligi Kuu ya Uingereza. Yote yana mchango. Lakini tazama maji kwanza.

Kila mvuvi anajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja katikati yake. Jambo ambalo wenye baa hawalitumii ni kwamba kwenye pwani hii saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Kuanzia Mombasa hadi Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka karibu saa nne hadi saa sita mchana. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi saa nne au tano, na hupwa alasiri, tena hayapwi sana.

Sasa litafsiri hilo kwa lugha ya baa. Wiki ya bamvua, mchana ufuko umeachwa wazi, mpana na mgumu, mtu anatembea bila kuloa; na jioni, jua linapoelekea kuzama, maji yamejaa mpaka mlangoni kwako. Hiyo ni wiki ya watembeaji mchana na boti jioni. Wiki ya maji mafu, hasa mwisho wake, karibu tarehe 10 hadi 12 na 25 hadi 27 za mwezi wa mwandamo, maji hujaa karibu na adhuhuri. Hiyo ni wiki ya boti kwa chakula cha mchana, na watembeaji wa ufukweni utawapoteza, au utawapitisha njia ya juu.

Mzunguko mzima, bamvua hadi bamvua, ni siku 14 na robo tatu hivi. Ndiyo maana Jumamosi mbili zinazofuatana hazifanani, na ya leo inafanana na ya wiki mbili zijazo. Mwenye baa anayetangaza "kila Jumamosi, chakula cha mchana cha wenye boti, saa saba" ametangaza kitu kinachowezekana nusu ya mwaka tu. Nusu iliyobaki wateja wake wanasukuma boti kwenye tope wakimtaja kwa majina.

Kwa hiyo chukua jedwali la maji la Kilindini, au la bandari iliyo karibu nawe, pamoja na kalenda ya mwandamo, upange miezi mitatu mbele. Andika kila Jumamosi na Jumapili: ni ya miguu au ya boti, na saa ngapi. Ukishapanga, sema saa ya kuondoka kabla ya saa ya kufika: "Ingieni kuanzia saa tano, boti kubwa zitoke kabla ya saa nane na nusu." Tangazo lenye saa ya kutokea ndilo linalomtuliza nahodha. Tahadhari moja: ndani ya hori refu lenye mlango mwembamba, kama Mida, maji huchelewa kuliko bahari ya nje. Piga kigingi, kichore mistari, ukipime mwenyewe kwa mwezi mmoja, kisha uongeze tofauti hiyo kwenye jedwali.

Wahudumu nao wapangwe kwa maji. Hakuna haja ya watu sita saa saba mchana ikiwa boti zinaingia saa kumi.

Dalili: watembeaji wanafika hoi, wanakunywa soda moja, wanaondoka

Mtembeaji anayeondoka upesi kwa kawaida ana hofu mbili: maji yatamzibia njia, na giza litamkuta. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza haliji kwa hatua, linaanguka. Mtu aliyetembea saa mbili kuja kwako anapiga hesabu ya saa mbili za kurudi tangu anapovuta kiti. Hata umpambie baa kwa taa za rangi, akili yake iko njiani.

Mwondolee safari ya kurudi. Uza matembezi ya upande mmoja: aje kwa miguu, arudi kwa mashua, bei ya mashua ikiwa imetajwa mapema na saa yake inajulikana. Hapo hapo mteja wa soda moja anakuwa mteja wa chakula kizima, na nahodha wa kijijini anapata abiria siku ambazo hana watalii. Lamu wamelizoea hili bila kulipa jina. Mtu anatoka mjini kwa miguu hadi Shela, kilomita 3 hivi, na akishiba anarudi kwa boti. Wewe uliye mbali zaidi unahitaji kulipanga kwa makusudi.

Kwenye njia yenyewe, weka alama pale njia zinapogawanyika, si pale zilipo nyoofu. Mawe yaliyopakwa chokaa yanatosha. Mahali maji hukata njia, weka kibao kinachosema wazi: usipite hapa maji yakianza kujaa, tumia njia ya juu. Na kama njia ya juu inapita shambani mwa mtu, umeshazungumza naye? Watembeaji wakikanyaga mihogo ya mzee wa watu, lawama haimfuati mtembeaji.

Ramani ya simu ni chanzo kingine. Alama ya baa yako huenda imewekwa pale barabara inapoishia, au kibaya zaidi, ng'ambo ya hori, ambako mtu anaiona baa kwa macho na hawezi kuifikia. Weka alama mbili zenye majina tofauti: mwanzo wa njia ya miguu, na mahali pa boti.

Wakifika, wanataka maji ya kunywa, kivuli, choo safi na mahali pa kunawa miguu, kwa mpangilio huo. Bomba la kunawia liwe kabla ya sakafu, na ubao wa kukanyagia utoke majini hadi kwenye bomba, ili mtu asinawe halafu akanyage tope tena. Hili la tope lina uzito kuliko linavyoonekana. Mgeni aliyezama hadi goti mbele ya wakwe zake hatarudi kwa ajili ya samaki wa kupaka.

Dalili: wanaagiza samaki, maji yanawatoroka

Samaki mzima wa kuchoma ni dakika 50 kama mkaa umewaka, na saa moja na nusu kama kijana ndiyo kwanza anakwenda kuuliza kwa wavuvi. Baa ya barabarani inaweza kumchelewesha mteja. Wewe huwezi, maji yanatoka.

Punguza menyu bila huruma. Kuwe na kitu kinachofika mezani kabla mteja hajamaliza kusalimiana: supu ya pweza iliyokwisha kuiva, viazi karai, sambusa, mishikaki. Samaki mkubwa na kaa waagizwe kwa simu kabla boti haijang'oa nanga huko ilikotoka, na uwaombe malipo ya awali kidogo, hasa kundi kubwa. Kama mtandao ni hafifu kwako, waambie wazi wakati wa kuagiza ili wabebe pesa taslimu. Kumpeleka mtu juu ya kichuguu kutafuta M-Pesa huku nahodha anapiga honi ni kumfukuza.

Bia ya moto sitaieleza kwa urefu. Nunua barafu mjini, iweke kwenye kasha zito lililofungwa vizuri, kivulini, na usiruhusu wahudumu walifungue kila dakika. Sola ishughulikie friza na taa. Jenereta inayonguruma karibu na meza inaua kile kilichowaleta watu.

Dalili: jua likizama tu, wanaondoka

Kama wanajikuna, ni usubi. Baa iliyo karibu na mikoko haiwezi kuumaliza, na anayekuuzia dawa ya kuumaliza anakudanganya. Ila usubi ni mdudu dhaifu wa kuruka, hauwezi upepo. Meza za jioni zihamie upande unaopigwa na upepo, na pale upepo unapokufa weka feni za chini, zinazopuliza miguu. Taa kali nyeupe ziondoke juu ya meza.

Kama hawajikuni, wanaogopa giza la njiani. Taa mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, ya nyuma ikiwa juu zaidi, humpa nahodha mstari wa kutokea mfereji: zikikaa wima moja juu ya nyingine, yuko njiani, zikiachana, ametoka. Zijaribu na nahodha kabla ya kuzitangaza, na usiziwashe nusu ya usiku kisha ukazizima. Hata hivyo sehemu nyingine safari za usiku zina masharti yake. Lamu kuliwahi kuwa na marufuku ya kuvua usiku iliyodumu miaka, kwa sababu za usalama. Uliza wanaohusika katika eneo lako, na wakikukatalia, geuza biashara: uza machweo, funga mapema, na mtu asijute.

Dalili: wateja wapo, kijiji kimenuna

Leseni ya kaunti inaweza kukulinda na askari. Haikulindi na kijiji kilichochoka nawe. Kijana wa kuvusha, mvuvi wa kaa, mwenye shamba lenye njia, wote wanatoka humo. Wakikuwekea mgomo, umefungwa bila barua. Muziki uzimwe wakati wa adhana bila kusubiri kuombwa, na spika zielekee majini, ingawa sauti juu ya maji husafiri kuliko unavyodhani, kwa hiyo sikiliza ukiwa ng'ambo. Wageni waambiwe mapema kwamba nguo za kuogelea ni za ufukweni kwako, si za kupita nazo kijijini. Nunua samaki kwa wavuvi wa hapo hata kama soko la mjini lina nafuu kidogo.

Dalili: kuanzia Mei hakuna mtu

Hii si kasoro, ni kusi, upepo wa kusini. Mvua za masika hufuatwa na upepo, na Juni hadi Agosti bahari ya nje huchafuka kiasi kwamba boti ndogo hazipendi kupita mlangoni. Hoteli nyingi za Lamu hufunga sehemu ya kipindi hiki, na zina pesa kukuzidi.

Usipambane na upepo kwa matangazo. Tazama nani bado anaweza kukufikia: boti zilizo ndani ya hori, ambako maji yametulia, na watembeaji, ambao hupenda ubaridi huo kuliko joto la kaskazi. Fungua Ijumaa hadi Jumapili tu, na bendera iseme hivyo. Siku zilizobaki ndizo za kupandisha maboya. Vuta mnyororo wote hadi nchi kavu, ukwangue chaza na konokono, ukague pingu ya chuma inayounganisha mnyororo na kamba. Ikiwa kulika kwake kunaonekana kwa macho, nunua nyingine kabla ya Oktoba, kwa sababu matlai, majira ya upepo mwanana baada ya kusi, ikianza manahodha watarudi kujaribu boya lako bila kukuarifu.